Moshi Niliounusa kwa Sifa

Ipo siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi kwenye gereji ya malori, nataka nikusimulie kabla hujaivaa hiyo salopeti mpya ya kazi. Kaa vizuri. Mimi sina haraka, na mama yako naona ndiyo kwanza anachambua mchele.

Ilikuwa miaka ya vita hapa Bujumbura. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimeshachumbia, na nilikuwa fundi kwenye gereji moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda upande wa bandarini. Malori yetu yalipanda milimani kwa msafara, yakisindikizwa na askari, na lori likizima njiani hapakuwa na wa kulingoja. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya msafara kuondoka, tuliwasha injini zote na kuzipima moja moja. Tulizipimia ndani, milango ya chuma imefungwa. Patroni, yaani mwenye gereji, hakutaka mtu aliyeko barabarani ajue lori gani linaondoka leo na lipi linabaki. Sikumlaumu wakati ule, na hata leo simlaumu sana. Kila mtu alikuwa na hofu yake.

Sasa sikiliza kilichonipa jina pale. Nilikuwa na pua. Nikiinama nyuma ya lori, nikaweka uso karibu na bomba la moshi na kuvuta pumzi mara mbili tatu, nilikuambia injini inaumwa nini. Huu moshi una oili ndani yake, pete za pistoni zimechoka. Huu una mazutu mabichi, kaangalieni injekta. (Mazutu ndiyo dizeli, unajua sisi na maneno yetu.) Huu unanuka mafuta ya taa, aliyetuuzia amechanganya. Ni mara chache nilikosea. Wenzangu waliniita Zuru, yaani pua kwa Kirundi, na gereji nyingine zilikuja kuniazima kama mtu anavyoazima jeki. Nilivimba kichwa, mwanangu. Ungenijua wakati ule usingenipenda.

Na tulikuwa na dawa yetu. Saa nne patroni alituletea ndoo ya maziwa, kila mtu kikombe chake, ya kuosha kifua. Kila mahali penye vumbi au moshi mjini humu watu walikunywa maziwa hivyo, wala si sisi tuliobuni. Mimi, kwa heshima ya pua yangu, nilipewa vikombe viwili. Nikishayanywa niliamini kwamba moshi wote wa asubuhi umeshashuka na kwenda zake. Makohozi yalikuwa meusi, macho yaliwasha, kichwa kiligonga mpaka mchana, lakini si nimekunywa maziwa? Basi.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Baba Anselme, Mkongo wa Uvira, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alikuwa ametumikia gereji za namna ile zaidi ya miaka thelathini. Sigara hakuijua, bia hakuigusa, na Jumapili aliimba besi kwenye kwaya. Alisifika kwa jambo jingine pia: hakuna aliyejua kusalimia watu kama yeye. Jioni tulirudi naye kwa miguu hadi mtaani kwetu Buyenzi, safari ya nusu saa, na yeye akaifanya saa nzima. Hatua mia, anasimama kwa muuza ndizi, anamuulizia watoto, mume, hata lile goti linalomsumbua. Hatua mia nyingine, anasimama kwa fundi viatu. Nilichoka kumngoja. Nilimtania kwamba akigombea kiti chochote atapita bila kupingwa, naye alicheka tu.

Siku ninayokuambia ilikuwa alasiri. Tulikuwa tumetoka gereji, hata kona ya kwanza hatujafika, milio ya risasi ikaanza kushuka kutoka milimani, kisha ikasikika karibu zaidi. Watu wote wakakimbia, nami nikakimbia. Nilimpita Baba Anselme akiwa amesimama, kashika ukuta wa ghala, na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri anamsalimia mtu. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo nilivyofikiri. Niliruka mtaroni, nikageuka, nikaona barabara tupu na mzee wangu peke yake, ameinama anabana mguu wake wa kulia kwa mikono miwili. Hapakuwa na mtu wa kusalimiwa. Nilirudi mbio, nikauweka mkono wake begani kwangu, nikamburuta mpaka mtaroni.

"Baba, umepigwa?"

"Apana. Ni hii muguu. Iko inakataa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ya juzi." Alikuwa anahema. "We Zuru, unazania mi nasalimia watu wote hawa juu ya upendo tu? Nikitembea kidogo, nyama ya muguu inakaza, inaniuma sana. Nikisimama, inaachia. Sasa mutu akisimama bure kila mara, watu wataanza kuuliza, na patroni atasikia. Basi, nasalimia."

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Miaka miwili nilitembea na mtu yule na sikuona kitu, mimi niliyejidai kugundua ugonjwa wa kila injini.

Milio ilipotulia tulifika nyumbani polepole, salama. Siku chache baadaye nilimpeleka hospitali. Alitupokea daktari mwanamke, Mrundi, mchangamfu. Alimpima mzee shinikizo la damu mkononi, kisha akalipima mguuni, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alibonyeza kwa vidole upande wa juu wa unyayo, akatafuta kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba, unavuta sigara?"

"Hata moja, Dokta. Niko mutu wa kwaya."

"Na kazi yako ni nini?"

Mzee akamweleza: injini, milango, miaka thelathini. Daktari akaweka kalamu chini. Alitueleza kwamba moshi wa mazutu una chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Zinapita puani, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na madhara yake yanaingia mpaka kwenye damu. Mshipa wa damu wenye afya, alisema, ni laini ndani, tena unajua kutanuka na kubana kadiri mwili unavyotaka. Moshi wa kila siku, mwaka baada ya mwaka, unauchokoza ule utando wa ndani. Mshipa unakakamaa, mafuta yanaganda ukutani mwake, njia inakuwa nyembamba. Mguu unaotembea unataka damu nyingi, haipati, ndiyo maana unauma. Na mishipa ya moyo na ya kichwa inaweza kupatwa na hayo hayo.

"Siwezi kuapa ni moshi peke yake," alisema. "Kuna umri, na shinikizo lako liko juu. Lakini moshi una sehemu yake hapa."

Nikamuuliza kuhusu maziwa. Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza mvua inalala wapi. "Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Yatakutana wapi?" Alimpa mzee dawa, akamkataza kukaa kwenye moshi, akamwagiza atembee kila siku: maumivu yakija asimame, yakipungua aendelee. Tulipotoka, Baba Anselme akacheka mpaka akashika mlango. "Kumbe ile salamu yangu yote ilikuwa dawa!"

Habari zikamfikia patroni. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mzee atawekwa stoo, atagawa vipuri, mshahara hautaguswa. Kisha akaniita mimi. Alisema nitakuwa mkuu wa kazi mahali pake, na kazi ya kupima iendelee vile vile, ndani, milango imefungwa, maana pua yangu ndiyo iliyokuwa ikirudisha malori yake nyumbani. Mkuu wa kazi, na miaka ishirini na minne! Niliona sura ya baba mkwe wangu atakaposikia. Ya daktari niliyasikia kwa masikio yangu mawili, mwanangu, na bado nilisema ndiyo kabla patroni hajamaliza. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya wazee, mimi damu yangu inachemka, na nikipata cheo nitaongeza kikombe cha tatu.

Nilikwenda stoo kumwambia Baba Anselme, nikidhani atanibariki. Aliketi juu ya tairi, akavua kiatu na soksi, akanyoosha mguu wa kulia.

"Weka kidole hapa. Tafuta damu yangu."

Niliweka pale pale daktari alipobonyeza. Ngozi ilikuwa baridi, na saa ile ya mchana Bujumbura hakuna kitu kilicho baridi. Nilitafuta. Nilisogeza kidole. Hakuna.

"Sasa ya kwako."

Nikavua cha kwangu. Nilipogusa tu, ikagonga, tap, tap, yenye nguvu.

"Ukitaka kazi yangu, kamata," alisema. Hakuwahi kunitolea sauti ile, si kabla wala baada. "Mi sikukatazi. Lakini usikamate kazi peke yake, kamata na muguu. Vyote viko pamoja. Mi nilikuwa na miaka kama yako, na walinisifu vilevile. Ile mutu mwenye kunisifu, leo hata makaburi yake sijui iko wapi. Muguu niko nayo mi."

Nilivaa kiatu changu nikiwa nimefedheheka. Kesho yake nilimwambia patroni kwamba nitakuwa mkuu wa kazi, ila pua yangu haitasogea tena kwenye bomba. Alikasirika. Alisema vijana wa kutaka kazi wamejaa nje ya lango, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa, na siku mbili nilitembea bila kujua kama bado nina kazi. Baba Anselme ndiye aliyeleta suluhu. Alikusanya mabomba chakavu na bati, tukachomelea bomba moja refu la kuvalishwa kwenye lori, likapita ukutani na kutoa moshi nyuma, upande usio na njia. Milango ikabaki imefungwa kama patroni alivyotaka. Siku ya kwanza tulipowasha lori na hewa ikabaki ya kuvutwa, patroni alisimama katikati ya gereji, akasema kumbe kuta zake zinaonekana. Kunusa tukakuacha. Tulipima injini kwa vifaa, kwa sikio na kwa mikono, na malori yalirudi kama kawaida.

Baba Anselme hakukatwa mguu. Alitembea miaka mingi baada ya vita kwisha, kwa kusimama na kuendelea, na safari zake zikazidi kuwa ndefu. Mimi ndiye huyu. Mwaka uliopita daktari mmoja aliniambia kwamba mishipa yangu imekakamaa kidogo kupita umri wangu, akauliza niliwahi kufanya kazi gani. Nilimjibu, na sikushangaa. Ile miaka ya sifa sikuweza kuifuta, niliizuia tu isiongezeke. Ninameza vidonge viwili, natembea hadi ziwani upande wa Kinindo na kurudi, na ninashukuru.

Basi, mwanangu, Jumatatu ukiingia pale, kabla ya kutazama injini tazama moshi unatokea wapi. Lori likiungurumishwa ndani, dai bomba la kuutoa nje, au dai mlango. Usisimame nyuma ya bomba ili uonekane shujaa. Maziwa kunywa ukiwa na njaa. Nenda ukapimwe shinikizo la damu hata kama huumwi popote, kwa sababu mishipa haipigi kelele inapoharibika. Wakikuambia kwamba unadeka, waache waseme. Na ukimwona fundi mkubwa wako anasimama simama njiani, usimcheke wala usimpite, mwulize.

Mungu akupe mikono ya ufundi na mabosi wenye masikio. Akulinde kifua, akulinde moyo, damu yako ifike mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu. Na ukishakuwa mzee kama mimi, watoto wako wakuite kwa nyuma wakihema, wakikuomba upunguze mwendo.