Shavu la Maria wa Mbao

Ipo siku moja ya Kwaresima ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na nimeshasahau mengi. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, nina miezi minne tu tangu nianze kusafisha kanisa moja la kale hapa Stockholm. Asubuhi napanda treni Rissne, mtaani kwetu, ndoo yangu inanisubiri sakristia, chumba cha nyuma ya altare, saa sita nimemaliza. Shule sikusoma sana, lakini kusafisha najua. Sakafu niliyoipiga deki mimi, ungeweza kumwaga wali ukala.

Kanisa lile ni la Walutheri, ila wamebaki na Bikira Maria wa mbao, aliyechongwa enzi zile hata wao walikuwa bado Wakatoliki, zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Amekaa kwenye kona, amempakata mtoto, uso mweusi kwa moshi wa mishumaa. Mimi ni Mkatoliki wa Burundi. Parokiani kwetu, Pasaka ikikaribia, wanawake tuliiosha sanamu ya kanisani kwa sabuni mpaka ing'ae, na aliyechaguliwa kuosha uso alisengenywa mwaka mzima kwa wivu. Yetu ilikuwa ya plasta, imepakwa rangi ya mafuta. Nikamtazama huyu wa mbao nikasema moyoni, masikini, hawa watu hawana wa kumwosha mama yao.

Nikamwosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya sakafu kidogo, kitambaa cheupe. Paji la uso likatakata. Nikafurahi, nikaanza hata kuimba. Nikashuka kwenye shavu la kushoto, nikasugua. Nilipotazama kitambaa, kilikuwa chekundu. Shavu limebaki jeupe kama unga wa muhogo.

Nilikuwa na watoto wawili nyumbani, na kazi ndiyo hiyo moja. Lakini hakuna aliyeniona, na kona ile ina giza. Nikarudi sakristia nikafungua bomba. Nikawaza: nifue kitambaa, nikaushe uso wake, niende zangu.

Ndipo akaingia Mama Skola, Mrundi mwenzangu aliyenizidi miaka ishirini. Yeye alisafisha ukumbi wa jirani, na ndiye aliyenitafutia kazi ile.

"Unafua nini wewe?"

"Kitambaa tu, Mama."

Akakitazama, akaenda kumtazama Maria, akarudi. Hakupaza sauti.

"Umemwosha au umemchuna?"

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye bomba.

"Funga bomba. Usikikamue. Kiweke kwenye sahani, na chupa ya sabuni iweke pembeni yake. Halafu tunakwenda kwa mchungaji."

"Watanifukuza, Mama."

"Wakikufukuza njoo ulie kwangu, chakula kipo. Kumwosha ulikosea kwa upendo. Kukifua hiki utakuwa umekosea ukiwa na akili zako timamu. Na mimi ndiye niliyewaambia huyu binti ni mwaminifu. Usinifanye mwongo."

Tukaenda. Mchungaji wao, mwanamke, akashika kichwa, kisha akashika simu. Mchana uleule akaja fundi wa sanamu za kale, mama mmoja mwembamba mwenye taa kwenye paji kama mchimba migodi. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza sabuni gani, maji ya moto au baridi, nimesugua mara ngapi, na Mama Skola akatafsiri. Akatueleza kwamba rangi ile imekaa juu ya chokaa na gundi. Maji yakiingia chini yake, inabanduka yote. Ningenyamaza, alisema, uso mzima ungedondoka vipande vipande kabla ya majira ya joto. Akabandika usoni vikaratasi vyembamba kama ganda la kitunguu, rangi isibanduke zaidi, na kitambaa changu akakitia kwenye mfuko, kwani rangi na sabuni vilivyokuwemo ndivyo vitakavyomwonyesha dawa, akaondoka nacho kama amebeba dhahabu.

Mimi nilihamishwa wiki tatu, nikasafisha ofisi za mtaa wa Kista. Kisha mchungaji akanirudisha. Alisema anamtaka mtu ambaye akiharibu, anasema. Nikakaa pale mpaka nastaafu, na kila msafishaji mpya nilimpeleka kwanza kwenye lile shavu, kabla ya kumwonyesha ndoo iko wapi.

Juzi mjukuu wangu Noela alikuwa anasoma mambo ya Warumi wa kale. Akaniambia, nusu Kiswidi nusu Kiswahili, kwamba sanamu za Roma tunazoziona nyeupe zamani zilipakwa rangi. Mvua, udongo na watu waliozisugua ndivyo vilivyozimaliza.

"Watu gani wajinga hivyo, Bibi?"

"Kama bibi yako," nikamjibu. Nikamwambia avae koti, tukapanda treni nikaenda kumwonyesha.

Alisogea mpaka karibu na shavu. "Kwa hiyo na wewe uko kwenye historia."

"Niko," nikasema. "Shavu la kushoto."

Basi sikia, mwanangu. Kitu ulichokikuta na kimekuzidi umri, waulize wenyewe kabla hujakigusa, hata kama mikono yako ni safi na nia yako njema. Desturi ya kwenu ni nzuri, lakini hujui chini ya rangi ya wenzako kuna nini. Na ukishaharibu, usifue kitambaa. Kipeleke kikiwa kinachuruzika maji, useme ni mimi, na sabuni ni hii. Aibu yake nimeionja, inapita. Shavu halikurudi, lakini uso ulipona.

Mungu akujalie mikono isiyo na pupa. Na siku mikono hiyo ikiteleza, akuletee Mama Skola wako, akukute bomba bado umelishika.