Mwanasesere wa Maganda ya Mgomba

Juzi, katika darasa la watoto wadogo kando ya kanisa letu hapa Meru, bibi mmoja alikuja kumwondoa mjukuu wake. Mtoto alikuwa hajasema neno tangu mama yake azikwe.

Mwalimu akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Nilimleta asome, mbona mnacheza tu?"

"Mtazame kwanza, bibi."

Mtoto alikuwa amepakata mwanasesere wa maganda ya mgomba, akimlisha udongo kwa kijiti. "Kula, mwanangu," alinong'ona. "Mama yupo."

Bibi akatua kikapu, akaketi vumbini. "Na mimi nina njaa," alisema, akafungua mdomo.

Bwana mkaguzi wa shule kutoka boma la serikali akija, atauliza watoto wanajua herufi ngapi. Natumaini atamkuta bibi bado analishwa.