Nyanya za Argiro

Meli ilitokeza dirishani kabla Evdokia hajamaliza kukata vitunguu. Ilikuwa nyeupe, ndefu kama mtaa mzima, ikiingia taratibu bandari ya Ermoupoli. Aliacha kisu, akatoka kwenye roshani na mikono yake mibichi, akakodoa macho kana kwamba angeweza kumwona mwanawe katika vile vidirisha vyote.

Argiro, binti yake wa pekee, alikuwa jikoni mwa meli hiyo, upande wa mikate, tangu majira ya baridi. Meli yake haikuwahi kusimama kisiwani kwao, Syros. Leo imekuja, na mchana ataruhusiwa kushuka. Evdokia hakutaka kingine: mtoto apande ngazi, aketi mezani, ale chakula cha nyumbani. Kwenye simu alimwona amekonda. Mwenyewe alisema ni kamera, lakini watoto husema lolote.

Mtaani kwao chakula cha sinia kubwa huokwa kwa Leonardos, mwoka mikate. Evdokia alimpelekea sinia la pembe nne la nyanya zilizojazwa mchele, mnanaa na zabibu kavu. Moja, kubwa kuliko zote, aliichomekea kijiti cha kuchokolea meno. Hiyo haikuwa na zabibu, maana Argiro hazili.

"Mtoto mmoja, nyanya zote hizi?" Leonardos aliuliza. "Au unamlisha na nahodha?"

"Wewe oka tu. Ukiziunguza nahamia tanuri jingine."

"Ulianza kunitisha hivyo kabla sijaota mvi."

Sinia lilikuwa ndiyo kwanza linatolewa motoni simu ilipolia.

"Mama, usikasirike," Argiro alisema. "Mwenzangu ameumwa, nimepewa zamu yake. Kupanda huko juu siwezi. Nitachomoka dakika chache tu, nije geti la bandari."

"Nisubiri hapo hapo."

"Mama, usikimbie kwenye ngazi."

"Nani anakimbia?" Evdokia alisema, naye ameshazianza.

Alishuka na sinia lililofungwa taulo, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Furaha na wasiwasi vilimpanda pamoja. Akiteleza je? Na huyo mgonjwa, ugonjwa wake hauambukizi? Argiro anakunywa maji ya kutosha kwenye joto la majiko yale? Wageni wa meli walikuwa wamejaa kila kichochoro, wakipiga picha paka na kamba za nguo, naye akawapenya kwa bega, akiomba radhi kulia na kushoto.

Karibu na geti la bandari halmashauri ilikuwa imeweka meza. Wasichana waliovaa nguo za kale waliwagawia wageni vipande vya lukumi, tamutamu laini ya kisiwani. Argiro hajafika. Vidole vilimuungua, basi Evdokia akatua sinia pembeni mwa meza ile, akafunua aone kama mchuzi umemwagika.

Harufu ikatangulia. Mzee wa kigeni mwenye kofia pana akatabasamu, akachukua nyanya kwa karatasi, akauma.

Evdokia alishika taulo afunike, akaliacha. Mama yake alikuwa akimpiga konzi kwa kufunika chungu mgeni akiingia. Mtu akishanyoosha mkono kwenye chakula chako, huna la kumwambia ila karibu. "Karibu," alisema, macho yapo getini. Mke wa mzee akaja. Nyuma ya mke, foleni.

"Mama Evdokia, waambie hizi si za wote," msichana mmoja wa lukumi akanong'ona.

"Niwaambie vipi, na wameshatafuna?"

"Basi ondoa sinia."

"Waende wakaseme Syros tuliwapokonya chakula mdomoni?"

Nyanya zikaendelea kwenda. Alichoweza ni kuifunika kwa kiganja ile yenye kijiti. Bwana mmoja aliisonta. Evdokia akampa lukumi mbili, akamtazama hadi akaondoka.

"Mama, umefungua mgahawa?"

Argiro alisimama nyuma yake na sare nyeupe, unga hadi kwenye viwiko. Hakuwa amekonda hata kidogo. Mashavu yalikuwa yamejaa.

"Umenenepa," Evdokia alisema, karibu kulalamika.

"Nakaa na mikate, Mama, ulitegemea nini?"

Evdokia akamkumbatia, unga ukamhamia kwenye gauni. Kisha akaondoa kiganja. Kwenye sinia lote ilibaki nyanya moja, imelala kwenye mafuta yake.

"Wamekumalizia," alisema.

"Yangu ipo."

Argiro aliila wima, mchuzi ukimtiririka kidevuni, mama yake akiufuta kwa ncha ya taulo kama zamani. Ilipokwisha, akakwangua ukoko kwenye kona za sinia kwa kucha, kona zote nne, bila haraka, huku mtu akimwita kutoka getini.

"Nenda, watakufokea," Evdokia alisema, akiwa bado amemshika mkono.

Akamtemea mate hewani mara tatu, kijicho kisimpate, ndipo akamwachia. Argiro alikimbia kurudi melini, kile kijiti kikiwa katikati ya meno yake.