Kerneli ya Mtaalamu Wetu

Mtu akijiita mtaalamu mbele ya watu ambao ndio kwanza wanajifunza kushika kipanya, mwogope. Wetu aliletwa kutoka Dar kuwa mkuu wa kituo kidogo cha kufundishia kompyuta pale Kibondo, nilikokuwa mwalimu. Tulitumia mfumo wa Linux, na mashine moja kuu ndiyo iliyotunza mafaili ya wote. Ilifanya kazi vizuri. Kwa bwana mkubwa hilo halikutosha. Kerneli ya mashine hiyo, ule moyo wa mfumo unaoamka kwanza mashine ikiwashwa, ilikuwa ile ile inayotumiwa na kila mtu. Yeye alitaka ya kwake.

"Wanaojiheshimu hujitengenezea," akaniambia, huku akifuta vitu kwenye mipangilio kama anayechambua maharage. "Hii hatuihitaji. Na hii ya nini?"

"Ile ya zamani umeibakiza?" nikamuuliza.

"Nibakize takataka?"

Akaiunda kerneli yake, akazima, akawasha. Maandishi meupe yakateremka, kisha yakakwama: kerneli haioni diski. Wanafunzi, walimu wa shule za msingi, wengine wametoka Nyabibuye kwa baiskeli, walisogea kutazama. Mtaalamu akalaumu jenereta. Halafu vumbi. Halafu akamgeukia mama mmoja mtu mzima: "Wewe ndiye uliyegusa waya?" Mama akainamisha uso. Nilimdharau bwana yule palepale, na sijaacha hadi leo.

Mwishowe akatangaza kwamba diski imekufa, niipeleke mashine Kasulu ikawekwe nyingine. Nilisafiri na mashine mapajani, basi likitupigisha kwenye mashimo njia nzima. Dukani kwa rafiki yangu tukaiwasha kwa CD yenye mfumo mwingine. Diski ilikuwa nzima, mafaili yote yapo. Nikafungua mipangilio ya mtaalamu: draiva ya diski, kile kipande cha programu kinachoiwezesha kerneli kuiona diski, ameifuta mwenyewe. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliirudisha draiva, nikatengeneza kerneli upya, na safari hii nikaweka na ya akiba. Mashine ikawaka.

Niliporudi nilieleza yote mbele ya darasa.

"Ndicho nilichokuwa nahisi tangu mwanzo," akasema bila haya. "Mmeona? Tatizo hutafutwa hivyo."

Akatoka nje kupiga simu, bila shaka kuwasimulia wa Dar alivyoiokoa mashine. Nikamwambia yule mama kwamba waya haukuhusika kabisa.

"Ego, mwalimu," akaitikia ndiyo kwa Kiha. "Mimi nilijua. Sikuwa nimegusa kitu."