Dalali na Meza ya Nailoni

Mara ya kwanza Mama Makochi kusema na Dalali, alikuja kugomba. Alikuwa amenunua kabati kwenye ukumbi wa mnada, akalipeleka dukani kwake anakouza samani, na alipofungua mlango wa kabati tu, unga wa mbao zilizoliwa na wadudu ukammwagikia miguuni. Akalirudisha kwa mkokoteni, akasimama mbele ya jukwaa, akadai haki yake. Dalali aliliita kabati lile safi, tena kwa sauti, na ukumbi mzima ulisikia.

Dalali alimjibu kwa upole wa mtu aliyezoea kutukanwa. Safi, alimweleza, humu ndani maana yake limefutwa vumbi, basi. Kitu kikiitwa kinang'aa, vanishi yake ni nzima, ila kwa mengine mnunuzi ajitazamie. Lakini kikiitwa kinameremeta, hapo nyumba ya mnada imejifunga: ukiinama juu yake ukakosa kuona meno yako, au ukikuta ufa, doa au tundu la mdudu, unakirudisha ndani ya mwezi mmoja na unarudishiwa chako chote. Na dalali aliyekiita hivyo husimama mbele ya watu akala neno lake. Ndiyo desturi. Yeye mwenyewe, tangu ashike nyundo, hakuwahi kula hata moja.

"Kwa hiyo hapa mnauza maneno," Mama Makochi alisema.

"Mali tunaiuza kama ilivyo, dada. Neno ndilo lenye dhamana."

Mama Makochi alikuwa mtu aliyeanza na stuli za mkono wa pili barabarani hadi akawa na duka lenye milango miwili, na watu wa namna hiyo hawachukii kushindwa wakijifunza kitu. Aliondoka na kabati lake bovu, akaliuza kama lilivyo kwa mwenye shida zaidi. Tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la mbele, mikono mapajani, haendi hata kupapasa mali. Anasikiliza. Dalali hakuwa mtu wa kutupa neno ovyo. Aligawa sifa kama fundi anayekata kitambaa chake mwenyewe. "Uso wa meza unameremeta, kingo zinang'aa, miguu safi," angesema, na Mama Makochi akajua hapo hapo anunue, na miguu apige msasa. "Kioo kinameremeta, fremu inang'aa," na mkono wake ulikuwa juu kabla ya wengine kugeuza shingo. Alimtania kwamba yeye ni mwalimu wa lugha aliyepotea njia. Dalali alimtania kwamba siku atakayokufa, atafufuka akisikia kinameremeta.

Ukungu ulianza jicho la kulia. Dalali alidhani ni vumbi la ukumbi, akanawa. Ukabaki. Mwaka uliofuata ukavuka pua ukaingia la kushoto, na nyuso za wanunuzi zikawa kama nguo zilizoanikwa mbali. Daktari wa macho, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, watu wengi huona vizuri baadaye. Dalali alisikia ile "wengi" na akili yake ikaenda kwa wachache. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba amepewa dawa ya matone.

Hofu yake ilikuwa na sura, nayo ilikuwa sura ya kiti. Miaka ya nyuma mnada ulikuwa na mpima mizani, mzee mchapakazi, ambaye masikio yalimziba. Mwenye mnada alipogundua alimpa mkono wa kwaheri siku ile ile. Kisha, kwa kuwa hapotezi kitu, alikipandisha jukwaani kiti alichokikalia mzee. Dalali ndiye aliyekinadi. Alikiita safi. Kinyozi mmoja alikinunua, na mpima mizani alikuwa bado mlangoni anafunga vitu vyake kwenye kanga.

Basi Dalali akatafuta ujanja. Akawa anafika mapema kabla ya milango kufunguliwa, anazunguka ukumbini peke yake, anapitisha mgongo wa vidole juu ya kila ubao, anauinamia na kuupulizia pumzi. Vanishi nzima humeza ule ukungu wa pumzi upesi na kwa usawa. Iliyochoka huumeza kwa mabaka, na kwa uso ulioshushwa hadi pua iguse, baka aliliona. Alikariri kila kitu na mahali pake. Mlinzi wa mlangoni akaeneza habari kwamba Dalali siku hizi anabusu meza, na watu wakacheka, na Dalali akacheka nao. Chochote kilichosogezwa baada ya yeye kupita kilimtoa jasho. Mchukuzi akimwambia jambo kwa ishara ya mkono, alijibu "sawa" na kukaa akingoja kuona amekubali nini.

Mali ya hoteli ndiyo iliyommaliza. Hoteli moja ilikuwa imefungwa, na samani zake zilitakiwa zifike asubuhi. Lori likaharibika njiani, likafika mnada ukiwa umeshachangamka. Mwenye mnada aliona wanunuzi wameanza kujinyoosha, akaamuru vitu vishushwe garini moja kwa moja hadi jukwaani. Dalali alisikia vishindo vya miguu ya wachukuzi na hakuwa na pa kukimbilia. Wakaweka mbele yake meza ndefu. Mlango mkubwa ulikuwa wazi nyuma yao, jua likaipiga, na katika ukungu wote ule aliona kitu alichokuwa hajakiona kwa muda mrefu: mwanga mweupe, uliotandazwa kutoka ncha hadi ncha, bila baka wala mkwaruzo. Aliona kama rehema.

"Uso unameremeta," akasema.

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamaza. Mkono wa Mama Makochi ulikuwa juu tayari. Wengine walimfuata wawili watatu, wakachoka, nyundo ikagonga.

Mchukuzi akamwinamia sikioni. Aliuliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza wapi pa kuweka mzigo: "Mzee, nailoni tuitoe sasa au aende nayo?"

Dalali alinyoosha mkono. Vidole vyake vilikuta plastiki, imevutwa ikabana kama ngozi ya ngoma, imepigwa misumari chini ya kingo. Ukumbi mzima, watu wenye macho yao, walikuwa wameiona nailoni. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyesema, kila mmoja aliamini kwamba ameshachungulia chini yake. "Aende nayo," alisema, na sauti aliyoisikia haikuwa yake.

Siku zilizofuata kila mlio wa mkokoteni ulikuwa meza inarudi. Alikuwa akila anasikiliza. Mkewe akimwita ghafla, alimwaga chai. Aliwaza mwenye mnada akimtazama kwa ule utulivu wake, na akawaza nani atakayenunua nyundo, na kwa neno gani. Meza haikurudi. Hilo lilimtisha zaidi, maana Mama Makochi hakuwa mtu wa kusahau dai.

Mwishowe alimtumia salamu apite dukani. Dalali alikwenda akiufuata ukuta kwa kiganja. Mama Makochi alimkalisha kwenye kochi, akamwambia apapase kilicho mbele yake. Ilikuwa ile meza, nailoni imebanduliwa upande mmoja. Mkono wake ulipita kwenye miduara ya gilasi za miaka, malengelenge ya maji, vishimo vya sigara. Aliuondoa kana kwamba umeungua.

"Kaka, hebu niambie nimevaa nini," Mama Makochi akasema.

"Gauni."

"Rangi gani?"

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye fremu ya kochi.

Mama Makochi hakumcheka. Alizungumza kama anavyozungumza na mwenye mbao, bila haraka, akiweka jambo juu ya jambo. Meza hatairudisha. Ameshapata mteja, fundi cherehani, ambaye anaitaka na nailoni yake ili vitambaa viteleze, na wala hajauliza kilicho chini. Neno la Dalali litabaki zima na kiti chake kitabaki chake. Kwa hayo yote anataka kidogo tu. Kuanzia mnada unaofuata, yeye akikohoa, kitu kinachostahili kuitwa kinameremeta Dalali akiite safi. Wengine watakipuuza, naye atakichukua kwa bei ya safi.

"Na wenye macho je?" Dalali aliuliza. "Wataona."

"Wenye macho waliiona nailoni, kaka. Wakakuamini wewe."

Alisema atafikiri. Mama Makochi akamwambia afikiri, ila asikawie, kwani meza ina miguu na njia ya mnadani inaijua.

Nyumbani mkewe alimwekea chai, akamtazama akiimimina. Dalali alianza kueleza habari za matone ya dawa, kwamba labda abadilishe. Mkewe alimwacha amalize.

"Baba, chai unaipima kwa kidole mwaka mzima sasa," akasema. "Ulidhani mimi sioni?"

Hakumwambia la kufanya. Alisema tu kwamba kibanda chake cha mitumba kinawalisha nusu, na hiyo nusu nyingine Dalali ndiye atakayeijibia. Kisha akafuta mezani. Dalali alibaki pale na hofu mbili zinagombania kifua kimoja: kuonekana kipofu, na kukoholewa.

Siku ya mnada Mama Makochi alikaa benchi lake la mbele. Dalali alimjua kwa marashi. Mali ya kwanza ilipita bila kikohozi, na ya pili, naye akaanza kupumua. Kisha likaletwa kabati la mninga alilolipulizia asubuhi ile. Alilijua. Pumzi yake ilikuwa imemezwa kama tone juu ya mchanga, sawasawa, kila mahali.

Mama Makochi akakohoa. Kikohozi kidogo cha mtu aliyepaliwa na mate.

Dalali akashika ukingo wa meza yake. Neno safi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kilichomzuia hakikuwa usafi wa moyo. Kilikuwa hesabu. Maisha yake yote alikuwa amesimama pale akitazama bei zikipanda, na alijua kitu kimoja ambacho hata Mama Makochi, kwa werevu wake wote, alitumaini kwamba hajakiwaza: siri ni mali isiyogongwa nyundo. Leo inataka kabati. Kesho itataka ukumbi. Mwenye kuishika atapandisha na kupandisha, na wewe huna pa kusema basi, imeuzwa.

"Uso unameremeta," alisema. "Milango inameremeta. Droo zinang'aa." Akalinadi, likapanda, akaligonga. Halafu nyundo akailaza mezani badala ya kuishika.

"Meza ya hoteli niliyoiita hivyo mnada uliopita, haimeremeti. Nakula neno langu. Nilichokiona kikimeremeta ni nailoni. Macho yangu hayaoni, na hayajaona siku nyingi."

Akangoja kicheko, na hakikuja, na hilo likamwogopesha kuliko kicheko. Kisha fundi cherehani akasimama katikati ya ukumbi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ni meza ipi hiyo inayozungumzwa, kwa maana yeye anayo moja.

Mambo mengine yalikwenda upesi, kama yanavyokwenda mambo ya fedha za watu. Fundi cherehani aliirudisha meza dukani, Mama Makochi akairudisha mnadani, mwenye mnada akatimiza desturi bila kukunja uso. Baadaye ilinadiwa kama ilivyo na muuza samaki akaichukua. Mama Makochi alitoka na kile alichoingia nacho, bila senti ya faida, na fundi cherehani hajapita tena mlangoni pake. Mwenye mnada alimpa Dalali mkono wa kwaheri alasiri hiyo hiyo. Dalali alikuwa amejiandaa kwa maneno mazito, lakini tajiri aliuliza tu kama ana mtu wa kumfikisha nyumbani.

Kazi ilipokwisha, kisingizio cha kutokwenda hospitali nacho kikaisha. Alipelekwa na mkewe, akitaka kurudi kila kituo. Jicho la kulia lilitolewa ukungu wake, na bandeji ilipoondolewa aliona kucha za daktari. La kushoto bado. Ameahirisha, ameahirisha tena. Hofu ya wale wachache haijamtoka, na mkewe amechoka kumsukuma. Anashinda kibandani kwa mitumba, anakunja mashati.

Nyundo alipewa kijana mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kwake kila kitu kinameremeta, hata godoro. Mara ya kwanza waliporudisha mali, mwenye mnada aliifuta ile desturi, na hakuna tena wa kula neno. Mama Makochi siku hizi hufika mapema na kupapasa mwenyewe. Ameuziwa mali mbovu mara kadhaa, na mara moja kwa hasara kubwa.

Alikuja kibandani juzijuzi, akajifanya anatazama mashati. Alimwambia Dalali kwamba jicho moja zima linatosha kwa anayejua pa kulitia, na akamtaka awe anatembea naye ukumbini kabla ya mnada. Dalali akataja bei yake. Mama Makochi akataja nusu, kwa sababu ya lile jicho la kushoto. Dalali akasema nusu ni ya mtu asiyeona. Mama Makochi akaweka shati chini akaondoka, na hadi sasa hajarudi, naye Dalali hajashusha bei.