Mkutano wa Jotham Tilden Usiokwisha

Jirani yangu Jotham Tilden, fundi mapipa, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kufunga mkutano. Tulimchagua mwenyekiti wa mikutano ya mji kwa sababu ana sauti, tukajuta. Mkewe, Mehitabel, alikuwa akimletea uji wa mahindi kanisani, tulipokutania, kama anayepelekea mgonjwa.

Kiangazi cha mwaka 1774 Waingereza, watawala wetu, walikuwa wameshaifunga bandari ya Boston, kutuadhibu kwa chai yao iliyomwagwa baharini kupinga kodi. Ikaja sheria nyingine: marufuku mji wowote wa Massachusetts, koloni letu, kuitisha mkutano bila ruhusa ya gavana. Ghafla hata sisi wasinziaji tukawa na hamu ya mikutano.

Basi tukajaa kanisani kupanga chakula cha kuwapelekea watu wa Boston. Mara akaingia Bwana Leverich, ofisa wa mfalme, na askari wake.

"Nani ameitisha mkutano huu?"

"Hakuna, bwana," Jotham akajibu. "Uliitishwa majira ya machipuko, kabla ya sheria yenu. Haujaisha tu."

"Tangu machipuko! Mnajadili nini?"

"Nguruwe wanaozurura. Jambo zito hilo. Kaa nikueleze toka mwanzo."

"Usithubutu kukaa, bwana," Mehitabel akadakia mlangoni. "Mimi nilithubutu, nikaolewa naye!"

Tukaangua kicheko. Leverich hakucheka. Akamkamata Jotham, akamfungia ndani ya nyumba yake yeye Leverich.

Alasiri hiyohiyo mji mzima ulisimama nje ya ua wa Leverich, na watu wa vijiji jirani wakazidi kumiminika. Hakuna aliyerusha jiwe wala kupiga kelele. Leverich akachungulia dirishani.

"Mnataka nini?"

"Mwenyekiti wetu," Mehitabel akasema. "Tuna kikao."

Leverich akawatazama askari wake wachache, akatutazama sisi, akafungua mlango. Jotham akatoka, machozi hayajakauka. Mehitabel akamfuta uso kwa aproni, hakumtania.

Wiki hiyo Leverich aliacha cheo. Sisi tukaacha kuipelekea kodi hazina ya mfalme, na Jotham akaanza kuunda mapipa ya baruti. Ushujaa ulimwingia? Wapi! Mehitabel anasema mumewe alilala na viatu miguuni, tayari kukimbia, mpaka vita na mfalme vilipoanza, na kila mlango ulipogongwa, mke ndiye aliyetumwa kufungua.