Picha ya Kwanza Ni ya Mwenye Sura

Nakumbuka vizuri Jumatatu moja ya miaka ile ya vita, mwanangu, na leo nitakusimulia ingawa nimeinyamazia muda wote huu. Umekuja kunionyesha picha zako za vijana wa mtaa wa Mikelenge waliopata watoto nao wenyewe wakiwa bado watoto. Ni picha nzuri, sikufichi. Lakini tangu uniambie kwamba juma lijalo zitatundikwa ukumbini mjini, kila mtu apite azione, sina amani. Chai yangu imepoa sijaigusa. Usinicheke, nisikilize.

Unajua baba yangu alikuja hapa Kindu kutoka Kasai na kazi ya reli. Mimi reli ilinishinda, nikafungua studio karibu na gare, pale treni zinaposimama: chumba kimoja, pazia la maua, kiti kimoja, na koti jeusi la kuazima pamoja na tai yake. Kila studio ilikuwa na koti lake. Mtu aliingia na shati lililochakaa, na kwenye picha akaonekana karani wa serikali. Nje nilisimamisha ubao, nikabandika picha nilizozionea fahari ili wapita njia wavutike. Sikuwa nimefika miaka thelathini, na kwa kujisifu hakuna aliyeniweza.

Vita vilipokolea, wasichana wadogo walianza kuja studio na vichanga vyao, wengine wakiwa na wavulana waliowapa mimba. Niliwapiga picha, nikazipanga mstari mmoja katikati ya ubao. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kwamba naweka historia ya mji. Wao sikuwauliza. Picha nimeipiga mimi, nikafikiri ni yangu.

Ndipo wakaja Amisi na Sifa na mtoto wao wa miezi mitatu, Riziki. Amisi alikuwa kijana wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba, miaka kumi na sita, mwembamba, sauti haijakaa sawa. Mjomba wa Sifa kule Kibombo alikataa kusikia habari zake mpaka ajue kwamba mtoto ana baba anayemkubali, na wao walitaka picha ya kumpelekea. Nikamvalisha Amisi koti, nikamkaza tai, nikamwambia ainue kidevu. Taa nikaiweka upande ili uso wake upate kivuli. Akatoka mwanaume mzima.

Karatasi ya kuchapia ilikuwa adimu siku hizo, na mimi nilibakiwa na moja tu. Nikachapa picha yao, nikaitazama, ikanipendeza mno. Nikaibandika kwenye ubao. Wenyewe nikawaambia warudi juma lijalo, labda karatasi nyingine itakuwa imefika.

Jumatatu ile akaja mwenye silaha mmoja kutaka picha yake. Wenye silaha walikuwa wa kila namna, na wote walitafuta vijana wa kubeba mizigo na bunduki. Akina mama waliwaficha watoto wao wa kiume ndani ya nyumba. Hata Amisi, siku ya picha, alivuka mto kwa kuibia. Mimi nililijua hilo. Yule mtu akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole juu ya lile koti langu kwenye picha ya Amisi.

"Huyu njo nani?"

Badala ya kunyamaza, nikajisifu. Nikamwambia ni kijana wa Alunguli, na yule ni mtoto wake, na atazame mwanga nilivyoupanga.

"Kama iko na mutoto, njo mwanaume," akasema. "Juu ya nini anakaa nyumbani?"

Akaibandua picha, akaitia mfukoni, kisha akaketi kwenye kiti changu nimpige yake. Nilimpiga picha, na sijui hata kama kamera ilifanya kazi.

Alipotoka tu, nikakimbia mtoni. Mtumbwi ulikuwa unangoja ujae. Nilimsihi mwenye mtumbwi tuondoke, akanijibu kwamba kila mtu ana haraka. Nikakaa pale nikigeuka kutazama njia, kila kofia niliyoiona ikinikata maini. Tulipoondoka, sijapata kuiona Lualaba ikiwa pana vile.

Nilimkuta Amisi uani, anamtembeza Riziki begani ili alale. Mama yake alikuwa anapepeta mchele. Nikasema yote bila kupumua. Kijana akampa mama yake mtoto, akavuta shati kwenye kamba, akakatiza mashamba ya mihogo kuelekea njia ya Kalima. Wenye silaha walifika mchana huohuo, picha mkononi.

Mama Amisi alikuja studio siku ya tatu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Papa, mutoto wangu iko na miaka kumi na sita," akaniambia. "Ulimuvalisha koti, ukamufanya muzee, halafu ukamuonyesha kwa kila muntu. Wewe ulimuona mukubwa wapi?"

Alipoondoka nikaziogopa hata filimu zilizobaki, zile ambazo ningeweza kuchapia picha nyingine. Nikazitoa zote za wale vijana, nikazichoma nyuma ya nyumba, nikidhani nawalinda. Huenda niliwalinda wengine. Sijui.

Amisi hakurudi. Vita viliisha, treni zikaanza tena kuingia gare, watu waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, yeye hakuonekana. Mwaka jana mwanamke mmoja akabisha hodi hapa nyumbani. Alikuwa Riziki, yule mtoto wa Amisi. Kwao hapakuwa na picha ya baba yake hata moja, na bibi yake alikuwa amemwambia kwamba iliwahi kupigwa moja tu, kwangu.

"Papa, nataka tu nione sura yake," akasema.

Nikamweleza kwamba picha ilichukuliwa, na filimu yake niliichoma mwenyewe. Basi akaniomba nimsimulie baba yake alivyokuwa. Nikafungua kinywa, mwanangu, nikagundua kwamba nakumbuka fundo la tai, nakumbuka taa ilikuwa upande gani, nakumbuka mikunjo ya koti. Uso wa kijana sikuukumbuka. Nilikuwa nimemtazama karibu nusu saa. Riziki akanishukuru kwa adabu, akaenda zake, nami nikalia kama mtoto.

Ndiyo maana naiogopa ile picha yako ya kijana aliyesimama mlangoni na mtoto wake. Umesema ana miaka kumi na saba. Mlango wao unaonekana wote, na chini umeandika jina na mtaa. Utaniambia vita vimeisha. Sawa, lakini hata mimi nilidhani ubao wangu hauna ubaya wowote. Yuko baba wa msichana aliyezaa naye, wako wenzake wa shule, na ziko simu zinazoifikisha picha mbali kuliko mtumbwi wowote. Atakayesimama mbele yake na kuuliza huyu ni nani, mimi simjui. Hata wewe humjui.

Nasaha yangu ni hii. Picha ya kwanza inayotoka ni ya mwenye sura. Umpelekee mkononi, mama yake aione, akae nayo siku mbili tatu, ndipo umuulize kama wengine nao waione. Akikataa, usimbembeleze. Usimkuze, wala usimpange ili watu wamhurumie. Mwachie umri wake. Jina lake na mlango wake vibaki kwako. Lakini usiichome kamwe, itunze mahali pawili, maana yule mtoto aliyebebwa atakuja siku moja kuiulizia. Na kabla hujainua kamera, mtazame mtu kwa macho matupu mpaka umjue.

Ukumbi unaweza kungoja. Nenda Mikelenge sasa hivi, jua lingali juu, ukae na yule kijana na mama yake. Mungu akutangulie njiani, mwanangu, akupe jicho la huruma na ulimi mzito wa kutaja majina, na kila mtoto utakayempiga picha akue, azeeke, aje aionyeshe mwenyewe kwa wajukuu wake. Amina.